Vibanda vya Fanueli na Maji ya Ndiva

Jumapili, 22 Septemba 1974

Nimerudi kutoka Same. Miguu imevimba, moyo umejaa. Semina ya Biblia imekwisha jana na mimi si mtu yule yule. Kweli nilisinzia Ijumaa baada ya chakula, kwa sababu joto la Same halikuumbwa kwa ajili ya watu wa milimani, lakini yaliyobaki nimeyashika yote. Mwalimu mgeni alisema neno likanichoma. Yesu alikuwa Myahudi. Mama yake Myahudi, wanafunzi wake Wayahudi, sikukuu zake za Kiyahudi. Anayeisoma Biblia bila kujua desturi za Wayahudi, alisema, ni kama mtu anayekula makande gizani: anashiba, lakini hajui kilichopita kooni.

Nimekuwa mzee wa kanisa muda wote huu nikidhani Petro alikuwa Mpare mwenye nyavu.

Leo baada ya ibada, tangazo. Mwalimu wetu wa darasa la Biblia amehamia Tanga kwa binti yake. Mchungaji atapanda kutoka Bombo Jumapili ya tarehe sita Oktoba, akae na darasa, asikilize, kisha achague mwalimu mpya. Watu wote wakageuka kumtazama Eliamini. Eliamini alikuwa akikata tiketi stesheni ya Lembeni mpaka alipostaafu, na hadi leo anasoma Zaburi kana kwamba anatangaza treni ya Moshi. Watu wanapenda. Mimi nilitazama dari.

Asante Mungu kwa kunishusha Same kabla ya tangazo. Eliamini hajui lolote kuhusu Wayahudi. Mimi najua karibu kila kitu, isipokuwa mambo ya Ijumaa mchana.

Jumanne, 24 Septemba

Nimeanza nyumbani. Nilimweleza mke wangu Eliakunda kwamba wakati wa Yesu watu hawakukaa vitini kwenye karamu, bali walijinyoosha ubavuni, wameegemea kiwiko. Ndiyo maana yule mwanafunzi aliegemea kifuani pa Bwana. Si utovu wa adabu, ni ukaaji. Eliakunda akasema ni vizuri kujua. Nikatandika mkeka, nikajinyoosha, nikaomba makande yangu yaletwe chini.

Kiwiko kiliteleza. Makande yaliingia kwenye mkono wa shati na mengine sikioni. Eliakunda aliniuliza kwa upole kama Wayahudi nao walikuwa na wake wa kufua. Hilo huenda lilifundishwa Ijumaa.

Namshukuru Mungu kwa Eliakunda. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini shati limeshafuliwa na liko kwenye kamba.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimepata! Vibanda!

Nilikuwa nasoma Yohana mlango wa saba. Yesu amepanda Yerusalemu kwenye Sikukuu ya Vibanda. Nimeusoma mlango huo tangu kipaimara bila kujiuliza vibanda vya nini. Sasa najua. Baada ya mavuno Wayahudi walijenga vibanda vya matawi, wakakaa humo juma zima, wakumbuke baba zao walivyotangatanga jangwani. Na sikukuu yenyewe, mwalimu alisema, mwaka huu inaangukia Jumanne ijayo. Juma lile lile Mchungaji anakuja! Nani amepanga haya kama si Mungu mwenyewe?

Mpango wangu ni huu. Darasa lisikutane kanisani. Likutane kwenye vibanda nilivyojenga mimi, kwenye ule uwanja kando ya mfereji. Mchungaji aingie, akae chini ya majani, aisikie Yohana saba kama walivyoisikia wenyewe. Eliamini atangaze treni zake. Mimi nitakuwa nimejenga Yerusalemu.

Kazi ya mikono atanisaidia Chande. Chande ni mtu wa kusini, Mwislamu, alikuwa akikata mkonge huko tambarare. Mkataba ulipokwisha alipanda huku kutafuta kibarua, na tangu masika anakaa kwenye chumba chetu cha nje. Ana nguvu na hana maswali mengi. Nilipomweleza alisema kwao pia watu hujenga vibanda, vya kulinda mpunga dhidi ya nguruwe. Nikamwambia hivi ni vya kiroho. Akasema sawa mzee, ila miti ni ile ile.

Jumatatu, 30 Septemba

Vibanda vimesimama. Safi sana. Miti ya mikaratusi, paa la majani ya migomba, majani marefu ya masale milangoni. Sheria ya Musa inataka mitende, lakini Musa hakuwahi kufika Upareni. Sheria inataka pia tunda zuri, na mwalimu alisema ni kama limau kubwa. Nimechukua balungi la Eliakunda. Lilikuwa moja tu mtini. Nitamwambia.

Lakini limetokea jambo. Asubuhi alipita Ndugu Novatus, mwenyekiti wetu wa TANU. Akasimama. Akavua kofia. Akasema siku zote aliniona mtu mzito kuelewa siasa, kumbe ndiye wa kwanza kuitikia wito. Amedhani naanzisha kijiji cha ujamaa! Nilifungua mdomo nimweleze habari za Walawi. Ndipo akasema atawaleta wageni kutoka wilayani waone mfano. Mdomo ukajifunga wenyewe. Mgeni wa wilayani ameketi kibandani, mimi nafundisha, Mchungaji anatazama. Sikusema uongo. Sikusema chochote.

Jioni akaja Bibi Dorkas, yule mjane wa upande wa chini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa amesikia kwamba vibanda ni vya kufundishia watu kuhama, na kwamba malori yanakuja kutushusha sote tambarare kwenye mbu. Aliuliza kama ataruhusiwa kwenda na kaburi la mume wake. Hivyo ndivyo alivyosema. Nikamwambia hakuna malori, bibi, ni Sikukuu ya Vibanda tu. Akauliza sasa mbona mwenyekiti anasema vingine.

Usiku nimemweleza Eliakunda yote.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimekwenda kwa Novatus kusema kweli. Eliakunda alinisindikiza mpaka mlangoni kwake, akasema atanisubiri hapo hapo, na Eliakunda akisema atasubiri, anasubiri.

Novatus yeye ni Mkatoliki, lakini alisikiliza habari yote ya Walawi mpaka mwisho. Alisikitika. Alikuwa ameshaandaa hotuba. Lakini akakubali kuwazuia wageni wa wilayani na kupita nyumba kwa nyumba kuwatuliza watu, akaanzia kwa Bibi Dorkas. Pia akasema vibanda vyangu, kwa kuwa sikuomba msaada wa serikali, vinaweza kuhesabiwa kuwa kujitegemea. Ni mtu mwema. Namshukuru Mungu kwa wenyeviti wenye subira.

Mambo mengine hayakwenda vizuri. Nililala kibandani jana kama sheria inavyosema. Ukungu uliingia, ukalala nami. Leo shingo inageuka upande mmoja tu. Nilipoamka mbuzi wa Eliamini alikuwa ndani, amekula mlango wa kwanza na balungi lote. Nikamrudisha kwa mwenyewe. Eliamini akacheka, akasema huyo mbuzi anapenda Agano la Kale. Kisha akaniuliza, na watu wapo, kama nikimaliza vibanda nitatahiriwa upya.

Eliakunda ameuliza balungi liko wapi. Nimesema mbuzi wa Eliamini amelila. Kweli tupu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Maji!

Nimepitia tena daftari la semina. Kwenye sikukuu ile, makuhani waliteka maji kisimani, wakayabeba kwa shangwe, wakayamimina madhabahuni kuombea mvua ya mwaka mpya. Kila siku, juma zima. Na siku ya mwisho, ile kubwa, maji yakiwa bado machoni pa watu, Yesu akasimama akapaza sauti kwamba mwenye kiu na aje kwake anywe. Nilisoma nikasimama peke yangu chumbani. Miaka yote nilidhani alisema tu kwa kuwa kulikuwa na jua. Kumbe aliwasemesha watu waliokuwa wakitazama maji na kungoja mvua. Kama sisi. Mwaka jana vuli haikunyesha, mwaka huu masika yalituonyesha mgongo, na sasa tunakula unga wa njano wa serikali. Nani ataelewa Yohana saba kuliko sisi?

Hapo nilishukuru kwa dhati, bila kumfikiria Eliamini. Muda mfupi, lakini nilishukuru.

Kisha mpango ukaja. Juu ya uwanja wetu iko ndiva, bwawa la kumwagilia lililochimbwa na babu zetu. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku, asubuhi kizibo hutolewa, na kila shamba lina zamu yake. Mfereji unapita mbele ya vibanda. Jumapili, nikifika pale pa mwenye kiu, nitainua fimbo. Chande atakuwa juu kwenye ndiva. Atasogeza kizibo kidogo tu. Maji yatashuka mbele ya Mchungaji, yakiimba. Siku ile ya mwisho mwaka huu ni Jumatatu, nami nimeihamishia Jumapili, kwa sababu Mchungaji hana nafasi Jumatatu.

Zamu ya Jumapili ni ya Bibi Dorkas. Nimekwenda kumwomba. Maharage yake yametoa maua na hana shamba lingine. Nikamwambia hatapoteza kitu, maji yatapita mbele ya vibanda kisha yatakwenda kwake kama kawaida, yakiwa yamebarikiwa. Alifikiri. Akasema mimi ni mzee wa kanisa na hajui kunikatalia. Nikamshukuru mara nyingi.

Jumapili, 6 Oktoba

Naandika nguo zikiwa bado zimelowa.

Mchungaji alifika mapema, viatu vimeng'arishwa. Darasa lote likaingia vibandani, na wengine wasio wa darasa wakaja kutazama. Novatus alitoka misa moja kwa moja. Mchungaji aligusa paa, akanusa masale, akasema hajawahi kuona darasa limejiandaa namna hii. Nilisimama wima kwa shingo niliyobakiwa nayo. Eliamini akasoma Yohana saba. Kama kawaida Yesu aliwasili Yerusalemu kwa wakati.

Nikaanza kueleza. Nilieleza vizuri! Hata Eliamini aliacha kuchezea kofia yake. Nilikuwa bado kwa makuhani na mitungi yao, mbali kabisa na mwenye kiu, nilipomwona yule mbuzi. Amepanda nyuma ya kibanda, anakula paa juu ya kichwa cha Mchungaji.

Nikainua fimbo kumfukuza.

Maji yakaja kwenye mfereji. Kidogo, ya kupendeza, mapema mno. Nikainua fimbo tena, nikiitikisa, kumwashiria Chande afunge. Maji yakazidi. Nikainua mikono yote miwili, nikaruka. Baadaye Chande alinieleza kwamba alidhani nalalamika kuwa hayatoshi, akasikitika kwa ajili yangu, akakumbatia kizibo na kukivuta chote.

Maji yalishuka na mawe yake. Yaliingia kibanda cha kwanza, yakatokea cha pili. Mchungaji alinyanyuliwa na Novatus kwapani akawekwa juu ya kichuguu, viatu vikabaki vinaelea. Miti ikalala. Waimbaji walikimbia na sketi mkononi. Kisha huko juu tukasikia mlio mzito, kama mtu anayeangusha gunia, na ukingo wa ndiva ukakatika. Maji yakaruka mfereji pale kwenye kona, yakashuka kwenye shamba la Eliamini, ambalo halikuwa na zamu mpaka wiki ijayo, yakalilowesha mpaka pembeni. Kwa Bibi Dorkas hayakufika hata ya kunawa.

Chande akatokea mbio, amekikumbatia kile kizibo kifuani kama mtoto. Alisimama mbele yangu, mbele ya wote, akihema.

"Mzee," aliuliza, "yanatosha?"

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua ni kubwa.

Hakuna aliyeumia. Namshukuru Mungu kwa hilo, na leo sina shukrani nyingine.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nilitaka kukaa ndani. Eliakunda alinipa fimbo, kisha akafikiri, akainyang'anya tena.

Bibi Dorkas alikuwa katikati ya maharage yake. Ardhi imepasuka. Maua yameanza kuinama. Nilimwamkia. Hakuitikia, akaendelea kuyatazama maharage, akasema taratibu, kama anayemuuliza mtu njia:

"Fanueli, maji yangu yako wapi?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu alfajiri. Yote yalikuwa mazuri. Niliyaacha pale pale kwenye maharage.

Nimerudi nyumbani, nimechukua debe, nimeshuka kijitoni. Ndiva haishiki tena maji, yanapita tu kwenye pengo na kumwagika korongoni, kwa hiyo ni kichwa tu kitakachoyabeba. Kutoka kijitoni hadi kwa Bibi Dorkas ni kupanda, kisha kupanda tena. Debe linamwagika mgongoni. Nilimwagilia mstari mmoja, nikakaa, nikaona jinsi mistari iliyobaki ilivyo mirefu. Nikamkuta Eliakunda nyuma yangu na ndoo yake. Akaanza mstari wa pili. Nyuma yake Chande, na madebe mawili kwenye mti begani, anatembea kama hana mzigo.

Jioni hata Eliamini akaja. Na kopo la kumwagilia maua, lenye mdomo wa matundu, la bati linalong'aa! Sote tunabeba madebe yenye kutu, yeye anapita na mvua ya rasharasha mkononi. Kisha akamwambia Bibi Dorkas, kwa sauti ile ya stesheni ili korongo zima lisikie, kwamba kwa kuwa shamba lake limeshalowa, zamu zake zote za mwezi huu ni za bibi. Bibi akamshika mikono. Akalia kidogo.

Zamu za ndiva yenye pengo! Lakini watu walinong'ona kwamba Eliamini ni mtu wa Mungu. Kumbe maji yenyewe nilimpa mimi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Msaragambo leo. Kwetu mambo ya wote yakiharibika, pembe inapulizwa na kila nyumba inatoa mtu, hakuna kuuliza nani aliharibu. Waliuliza kidogo. Lakini walikuja. Walutheri, Wakatoliki, na watu wa upande wa pili wa korongo ambao hatukuwa tukisalimiana nao vizuri tangu ule ugomvi wa mpaka. Novatus aligawa kazi. Hatimaye alitoa ile hotuba yake, na kwa kweli ilikuwa hotuba nzuri.

Nilipewa kuingia ndani kabisa na kuchota tope. Sikulalamika. Ndiva ilikuwa imejaa tope kuliko tulivyodhani. Wazee walisema haijasafishwa tangu wao ni vijana, na ndiyo maana zamu zimekuwa zikiisha kabla ya mashamba ya chini. Tulitoa tope mpaka tukaona mawe waliyopanga babu. Wanaume wakainama kuyagusa. Chande akachonga kizibo kipya cha mti mgumu, kimeingia kwenye tundu kama ulimi mdomoni. Wakampigia makofi. Hakujua aweke wapi mikono.

Jua lilipokuwa kali, watu walitafuta kivuli. Hakikuwepo, ila miti ya vibanda vyangu iliyolala kwenye matope. Waliisimamisha bila kuniuliza, wakaezeka majani mapya, na akina mama wakapika makande hapo hapo. Kila mtu alileta alichokuwa nacho, na mwaka huu si kingi. Huyu maharage, yule ndizi, Eliamini mkungu mzima. Tulijibana humo, tope mpaka masikioni, tukala kwenye masinia. Bibi Dorkas alikuwa kati ya Chande na mzee mmoja wa ng'ambo ya korongo, na alikuwa akimchagulia Chande maharage laini.

Mchungaji naye alipanda, na safari hii alivaa malapa. Baada ya kula akafungua Kumbukumbu la Torati, akaeleza kwamba kwenye sikukuu hii Mungu hakuagiza vibanda tu. Aliagiza pia ukae na nani: watoto wako na watumishi wako, na mgeni, na yatima, na mjane, na wote wafurahi. Chande akauliza kama mgeni huyo lazima awe wa dini hiyo. Mchungaji akaangalia tena, akasema hapa haijaandikwa. Chande akasema basi ataongeza kidogo, akaongeza.

Nilitazama kila mmoja. Nilitaka kusema neno. Lakini nilipotazama juu niliona ile miti ya mikaratusi imesimama imara kabisa, na nikafikiri: mjenzi alijua kazi yake.

Jioni kizibo kipya kilitiwa. Leo usiku ndiva itajaa. Zamu ya kwanza kesho ni ya Bibi Dorkas. Eliakunda ameimba njia nzima. Asante, Bwana. Asante kwa maji, kwa watu, kwa tope pia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Maji yamefika kwa Bibi Dorkas, na yamefika mpaka mashamba ya chini kabisa, ambayo hayakuwahi kupata kitu mwezi wa kumi. Nilikwenda kuona. Bibi alikuwa anatembea pekupeku kwenye matuta yake, akifungua huku na kuziba kule kwa jembe. Maharage mengi yatapona, amesema, si yote. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Usinibarikie tena maji. Yalete hivi hivi."

Nimekubali. Nimerudi nyumbani mwepesi, na njiani nilimsalimia hata mbuzi.

Jumapili, 13 Oktoba

Mchungaji amechagua. Eliamini.

Alisema darasa linahitaji sauti inayosikika na moyo unaotoa. Watu wakapiga vigelegele. Eliamini alisimama akashukuru, kisha akafanya jambo ambalo bado nalichunguza. Alisema hawezi kufundisha bila Fanueli kando yake, kwa sababu tangu ile Jumapili hawezi tena kusoma Yohana saba bila kusikia maji, na hivyo mimi niwe nikieleza desturi za Wayahudi kabla yeye hajasoma. Mchungaji akakubali, ila akaweka sharti kwamba nieleze kwa mdomo tu. Alirudia: kwa mdomo tu. Bibi Dorkas akasema amina kabla ya wengine.

Kwa hiyo nina kazi. Si ile niliyoitaka, lakini ni kazi ya kukaa mbele, na watu wataniuliza maswali. Nilimshika Eliamini mkono. Nilimaanisha, karibu kabisa. Eliakunda amechinja kuku, akamwita Chande mezani, na tumekula tumekaa vitini. Sikumbuki ni lini nyumba yangu ilitulia hivi. Nimemshukuru Mungu kwa sauti mpaka kuku akapoa. Nimemwambia pia kwamba nimejifunza. Unyenyekevu hasa. Nadhani hakuna mtu hapa kwetu aliyejifunza unyenyekevu kwa haraka kama mimi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeamka mapema kutayarisha maelezo ya kwanza ya darasa. Kwa mdomo tu. Nikafungua Walawi, mlango wa ishirini na tano.

Yubile!

Mbona hakuna aliyewahi kuniambia? Kila mwaka wa hamsini Wayahudi walipuliza pembe ya kondoo, na kila aliyeuza shamba akarudishiwa shamba lake. Imeandikwa wazi kabisa. Basi mimi kile kishamba cha kahawa nyuma ya kanisa nilimuuzia Eliamini mwaka ule nilipooa, na tangu hapo kimekuwa kikizaa kwa kiburi. Mwaka wa hamsini ni upi? Hapa Upareni hakuna aliyekuwa akihesabu, kwa hiyo mtu lazima aanze, na mtu huyo anaweza kuanzia popote panapofaa. Tena ni ujamaa mtupu. Novatus atafurahi mpaka aandike hotuba nyingine. Eliamini mwenyewe, mtu wa moyo unaotoa, hawezi kukataa mbele ya darasa lake.

Maelezo yatakuwa ya mdomo, kama nilivyoagizwa. Ila pembe nayo hupulizwa kwa mdomo.

Nashukuru, Bwana, kwa namna unavyonifungulia Maandiko. Novatus ana kondoo dume mwenye pembe nzuri sana. Nakwenda kumsalimia sasa hivi, kabla hajatoka kwenda shamba, na Chande nimeshamwambia alete kamba.